Uma wa Meno Matatu

Tanga lilipovunjwa, Ligula, mwezi wa kumi,
viti mia mbili vya plastiki vikarudi kwa mwenyewe
juu ya kirikuu iliyoingia hadi kibarazani,
ukoka wa Mzee Namkunda ulibaki umelala
kama nywele za mtu aliyeugua muda mrefu.

Penye sufuria, jivu. Penye viti, vipara.
Penye miguu ya waliokuja kunipa pole
ardhi ilikaza kama sakafu.
Sikuwalaumu. Pole nayo ina uzito wake.

Nikamwagilia. Madumu manane kila jioni.
Maji hayakuingia: yalipita juu juu,
yakatoka getini, yakavuka barabara,
yakaenda kunywesha mgomba wa Somoe Chihoko
ambaye hakuniomba, wala hakunishukuru.
Nikatia mbolea. Ikafuata maji.

Ndipo akaja Chilumba, mtoto wa kaka yangu,
kibarua wa vitalu vya mikorosho Naliendele.
Hakusema kitu. Alitoa bisibisi mfukoni,
akaisukuma ardhini. Ikagomea kwenye ncha.
"Shangazi, hii haina kiu.
Hii imezibwa pua."

Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja:
mizizi hupumua, andikeni, pigeni mstari.
Niliwapa watoto wa watu alama kwa jibu hilo
na mwenyewe sikuwa nimelisikia.

Uma wake ulikuwa stoo, nyuma ya pampu ya salfa.
Meno manne; moja lilikatikia kwenye kisiki
mwaka tuliohamia. Hakuliunga.
Basi kwa matatu: kanyaga, tikisa, chomoa,
rudi nyuma hatua moja.
Rudi nyuma, alisema Chilumba, usije ukakanyaga
ulichokwisha kufungua.
Nilitoboa kinyumenyume, kutoka getini hadi jikoni,
nikiona nilikotoka tu.

Tukafagilia mchanga ndani ya matundu
na mboji ya mabibo ya mwaka jana,
yaliyooza hadi yakausahau uraka.

"Mwalimu!" Somoe, kichwa juu ya ukuta.
"Rupia za Mjerumani umezipata?"
"Bado. Niko tundu la mia sita."
Nilidhani tunataniana.

Wiki hiyo maji hayakufika getini.
Siku ya nne akaja mwenyewe, khanga kiunoni:
mgomba wangu unanyauka, Mwalimu,
maji yako siku hizi unayapeleka wapi?
Nikamwonyesha chini.
Akatazama miguuni pangu
kama anayetafuta bomba.

Mvua ya kwanza ya Desemba ikashuka.
Usiku wa tatu wake, watu nisiowajua
waliruka ukuta na jembe na tochi
wakanichimbia shimo la kiuno.
Hawakupata rupia. Waliacha ndara moja.

Asubuhi nilishuka humo na magoti yangu mabovu
nikausoma ukuta wa shimo kama ubao:
juu, safu ngumu ya kijivu, uzito wa watu mia mbili;
na kila lilipopita jino la uma, mshipa mweusi,
na ndani ya mshipa mizizi, myeupe, myembamba,
ikishuka kupita urefu wa kiganja,
na nyungunyungu mmoja aliyeniona akarudi ndani.
Niliwaita wajukuu waje waone kabla sijafukia.
Polisi hakuitwa.

Pamebaki mahali pamoja, chini ya dirisha,
ukubwa wa jeneza, kwa sababu ndilo lililokaa pale.
Chilumba alipazunguka. Nami nilipazunguka.
Kwingine kote kumeota, ukoka unashika vidole vya miguu;
pale maji yametuama tangu juzi, mbu wanazaa.

Leo nimeuchukua uma, kabla ya chai.
Sikuomba dua. Nikakanyaga mara moja.
Povu likapanda, dogo, likapasuka,
likapanda jingine.
Halafu maji yakaanza kwenda.